Kidole Gumba cha Mwinjilisti Sadoki

Kila Jumamosi asubuhi, akishageuza buni kwenye vichanja, Hanna alikata ukucha wa baba yake. Aliketi kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, akafungua kopo la majani ya chai lililokwisha kupauka, akafunua kitambaa cheupe na kukitoa kidole gumba cha mkono wa kulia cha marehemu Mwinjilisti Sadoki. Kilikuwa na joto lake la siku zote. Kwa wiki moja ukucha ulikuwa umeota kiasi cha punje ya mtama. Aliukata kwa mkasi wa kushonea, akakipaka kidole samli kidogo kwa sababu baridi ya Agosti huko Meru hupasua ngozi, hasa karibu na lile kovu la mundu lililokikata mshazari tangu ujana wa mzee. Kisha akaufukia ukucha chini ya mkahawa mmojawapo. Mikahawa ya Hanna ilizaa mara mbili kwa mwaka, na majirani walisema ni kwa sababu ya samadi.

Mzee alifariki mwaka wa thelathini, wakati wa masika. Alikuwa anavuka mto kwenda kumbatiza mtoto aliyekuwa mahututi ng'ambo ya pili, maji yakashuka kutoka mlimani na mawe na magogo yake, yakamzoa. Mwili haukuonekana tena. Kidole gumba kilionekana siku ileile alasiri, juu ya paji la uso la mtoto yule, kikiwa kimekwisha kumchora msalaba wa maji. Mama wa mtoto alieleza kwamba kilipanda kitandani chenyewe na wala hakikuwa na haraka. Mtoto alipona. Ndiye Elirehema, ambaye sasa ana ng'ombe wanne na sauti inayoisumbua kwaya nzima.

Wazee wa usharika wa Nkoalema walikaa kikao siku tatu. Mchungaji alisema kuheshimu mifupa ya wafu ni mambo ya Wakatoliki, Walutheri hawana ruhusa nayo. Siku ya tatu mzee mmoja aliuliza ni wapi duniani pameonekana mfupa wa maiti unaoota ukucha. Basi wakaandika kitabuni kwamba Sadoki ni msharika ambaye hayupo kamili, wakafunga kikao kwa sala. Tangu hapo hadithi zilikuja zenyewe. Walisema kidole hugonga meza mtu akitoa ushahidi wa uongo. Walisema mwaka wa nzige kilisimama wima mpakani mwa mashamba, nzige wakapita pembeni. Mengine yalitiwa chumvi. Ya kuponya homa yalikuwa kweli.

Kidole kilikuwa na taratibu zake. Hakinyimwi mgonjwa, awe nani. Hulala usiku mmoja nyumbani kwa mgonjwa, na kikirudi kesho yake kinarudi na kitambaa kipya. Na anayekitunza hakisindikizi, kwa maana kumsindikizia mgonjwa kidole ni kumwambia usoni kuwa yeye ni mwizi. Kwa miaka kumi na tisa kililala Nkoalema nyumba kwa nyumba, kikashuka mpaka Usa River, kikavuka mpaka kwa Waarusha wa upande wa magharibi, na hakikupata kupotea hata siku moja.

Hapo mwanzo ukoo ulitaka kitunzwe na mwanamume. Mara tatu walikikabidhi kwa binamu, na mara tatu kilikutwa mfukoni mwa aproni ya Hanna. Hanna, ambaye majirani walimwita Mama Anande, alikuwa mjane aliyerudi kwa baba yake, na kwa mila mjane aliyerudi hana kihamba, yaani shamba la ukoo. Lakini kwa kuwa kidole hakikukubali kukaa kwingine, na Hanna asingeweza kukitunza akiwa njiani, wakamwachia nyumba ya mzee na migomba na mikahawa yake, kwa muda. Muda huo ndio uliofika miaka kumi na tisa. Nje ya Nkoalema Hanna hakuwa na hata mahali pa kuchimba shimo la taka.

Bwana Shauri, ofisa wa serikali huko Arusha, alikuja Jumatatu, pamoja na karani wake Dismasi. Alikuwa Mwingereza mrefu mwenye adabu, mtu wa kufuata kitabu, na kitabu kilisema Nkoalema yote imetolewa kwa setla mmoja wa ng'ombe wa maziwa. Watu wangepelekwa kwa malori kwenye tambarare za chini, zaidi ya Usa River, ambako mvua huja kusalimia tu na kuondoka. Lakini palikuwa na kikwazo jaladani. Wajerumani walipoondoka, wazee walimtuma Sadoki Boma ya Arusha akaandikishe ardhi ya kijiji kwa jina lake, kwa niaba ya wote, kwa sababu yeye alijua kusoma tena alikuwa na shati. Alijua na kuandika pia. Karani wa siku zile hakuona haja ya kumpa kalamu, akamgongesha kidole gumba. Karatasi ilisema ardhi haitoki mpaka kidole hicho kiridhie.

"Mwenye karatasi alikufa," Hanna alisema.

Dismasi alitafsiri, akasikiliza, akageuka. "Bwana Shauri anasema kwenye vitabu vya Boma mtu amekufa pale alama yake isipopatikana tena. Alama ya huyu inapatikana. Tumesikia unamkata kucha kila Jumamosi."

"Basi muulizeni mwenyewe."

"Ndicho tulichojia, mama. Kitoe."

Hanna alisema kidole kiko kwa mgonjwa. Ulikuwa uongo wa kwanza aliopata kukisemea, na kopo lilikuwa kwenye rafu nyuma ya kichwa chake. Bwana Shauri aligusa ukingo wa kofia. Alisema angesubiri mpaka mwisho wa Septemba, kabla mvua za vuli hazijaharibu barabara. Bila alama hiyo jalada lingerudishwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam ikilala na jalada hailali mwaka mmoja.

Askari walikuja Alhamisi, wakarudi Jumanne. Walichoma fimbo kwenye unga, wakamwaga maharage, wakapekua mzinga wa nyuki na kujuta. Hanna alisimama uani muda wote huo akiwa na kidole kichwani, kimesukwa ndani ya nywele chini ya kilemba. Alikisikia kikimgonga fuvuni polepole, kama baba alivyokuwa akimgonga alipokosea Amri Kumi. Askari walipoondoka aliketi palepale juu ya maharage. Wiki ileile vigingi vyekundu vya wapima ardhi vilianza kuonekana katikati ya migomba.

Mzee Mikaeli, mshili, yaani kiongozi wa ukoo, alipanda kuja kumwona.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuanzia leo kisitoke."

"Mgonjwa akija?"

"Aombewe kwa mdomo. Mungu hana haja ya kidole." Aliona uso wa Hanna, akalainisha sauti. "Usiogope. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Chawa hakivunji, baba. Lakini kijiji kinauza."

Mzee Mikaeli alikunywa loshoro aliyopewa, ule uji wa mahindi na maziwa ya mgando, akafuta ndevu, akashuka.

Katika wiki tatu Hanna aliwarudisha wagonjwa wawili. Wa kwanza alipona mwenyewe. Wa pili alikuwa bibi mmoja wa bondeni, akazikwa Ijumaa. Mazishini watu walimpa Hanna chakula na mahali pa kukaa, ila hakuna aliyemtazama usoni. Jumamosi alipofungua kopo alikikuta kidole kimepoa. Ukucha haukuwa umeota hata kidogo. Alikishika katikati ya viganja mpaka adhuhuri, akimwomba baba radhi, na hakikupata joto.

Tarehe ishirini na nane Septemba, jua likiwa utosini, mwanamke alitokea kwenye njia ya mikahawa akiwa na rozari shingoni na vumbi la barabara ya Arusha mpaka magotini. Hanna alimfahamu. Alikuwa Magdalena, mke wa Karani Dismasi.

"Mama Anande, mtoto anakufa," alisema, hata salamu hakutoa.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani, mjini. Anyesi wangu, wa miaka mitatu. Leo siku ya tano homa haishuki, tangu jana macho yake yako wazi hayafumbi. Dawa zote ametumia."

"Mumeo amekutuma?"

"Hajui kama nimekuja. Amelala Boma siku mbili na kazi zao." Magdalena alipiga magoti kwenye majani makavu ya migomba. "Sikufichi nilivyo. Mimi ni mke wa yuleyule. Kidole kitalala mkononi mwangu, sitafumba jicho."

"Mlete mtoto alale hapa."

"Akibebwa atafia njiani, mama."

Hanna aliingia ndani akasimama mbele ya rafu. Alijua zimebaki siku mbili. Alijua kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amekuja na nguo yenyewe. Angemnyima, Nkoalema ingepona na Anyesi angezikwa, na kilichobaki koponi kingekuwa kipande cha nyama baridi ambamo baba yake hamo tena. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alifungua kopo akakigusa kidole. Kilikuwa kimeanza kupata joto.

Akakifunga kwa kitambaa akampa mama wa mtoto. Alimfuata mpaka kwenye mgomba wa mwisho, akasimama hapo, kwa kuwa ndiyo taratibu, akarudi nyumbani kumenya ndizi ambazo hakuzila.

Kesho yake saa nane mchana Magdalena alirudi. Alikuwa amemshika Anyesi mkono na mtoto alikuwa anatembea mwenyewe, akisimama kila mara kuokota buni zilizoanguka. Homa ilikuwa imetoka. Kitambaa kilikuwa kipya, tena cha hariri. Hanna alikuwa karibu kucheka kwa furaha alipouona uso wa mtoto. Kwenye paji palikuwa na msalaba wa wino wa zambarau.

"Nimesugua kwa sabuni mara tatu," Magdalena alisema. "Hautoki."

Hanna alikifunua kidole. Kilikuwa kimeoshwa vizuri, lakini ndani ya lile kovu la mundu wino ulikuwa umebaki, mstari mwembamba. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hiki walikipaka wino.

"Dismasi alirudi," Hanna alisema.

"Alirudi. Sikulala, Mama Anande, naapa, nilikwenda tu kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameinama kitandani akimpaka mtoto kwa kidole, analia."

"Aligonga karatasi kwanza, au mtoto kwanza?"

Magdalena alimtazama mtoto wake, ambaye alikuwa anapanga buni mstari kwenye kizingiti.

"Karatasi," alisema.

Hanna alimkaribisha ndani akampa uji, kwa sababu alikuwa ametembea toka mjini na mtoto aliyetoka kuugua. Hakumpigia kelele. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa mno kwa nyumba ile ndogo.

Siku iliyofuata, ya mwisho wa mwezi, Hanna na Mzee Mikaeli waliteremka Arusha, wakasubiri kwenye baraza ya Boma tangu asubuhi mpaka saa tisa. Bwana Shauri aliwapokea kwa heshima. Karatasi ilikuwa mezani, na alama ilikuwa pale, kubwa, nzuri, na kovu lake la mshazari. Dismasi alisimama dirishani akichonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka tayari.

"Hakuridhia," Hanna alisema. "Aliitwa kwa mgonjwa, akaibiwa."

Alikiweka kidole juu ya meza. Bwana Shauri alisema jambo hilo ni zito, na njia ya haki ni kumsikiliza mwenyewe. Alisogeza kikopo cha wino na karatasi safi. Kama kidole kilikuwa na pingamizi, kingegonga, na pingamizi lake lingewekwa jaladani. Hanna alikichovya mwenyewe, akakikandamiza kwa uzito wake wote.

Kwenye karatasi lilibaki doa la zambarau, tupu kabisa, halina mstari hata mmoja. Wakajaribu tena. Mzee Mikaeli alikishika akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa ngozi ulikuwa laini kama tumbo la kikombe. Kovu nalo halikuwapo.

Bwana Shauri alisubiri kwa adabu. Kisha akaandika maneno pembeni, na Dismasi akayasoma kwa Kiswahili, sauti ikiwa chini: mwenyewe ameitwa, amefika, hana la kuongeza.

Malori yalikuja wiki ya pili ya Oktoba. Yalipangwa kandokando ya kanisa, na chini ya ukuta wake pakawekwa meza, ili kila mkuu wa nyumba agonge dole gumba kwamba amepokea kiwanja kule tambarare. Jina la Hanna halikuwamo orodhani. Viwanja vilikuwa vya wakuu wa nyumba, na mjane aliyerudi kwa baba yake si mkuu wa nyumba yoyote. Alisimama karibu na meza akiwa na kopo lake, kigoda chake na debe la buni.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Elirehema. Aligonga, akainua mkono. Dismasi alivuta karatasi apulize wino, akaacha kupuliza. Alama ilikuwa kubwa, na katikati yake kovu lilipita mshazari. Elirehema hakuwa na kovu lolote. Alitazama kidole chake, akakifuta kwenye suruali, akasema, "Ni chake mzee Sadoki."

Wa pili aligonga, ikatoka ileile. Wa tatu hali kadhalika. Mzee Mikaeli aligonga kwa mkono wa kulia, kisha kwa ukaidi akagonga na wa kushoto, zikatoka mbili, zote za Sadoki. Watu walijipanga mstari ulionyooka bila kuambiwa, wakawa wanasogea kimyakimya, na kila aliyewahi kuchorwa msalaba na kidole kile aliacha alama ileile mezani. Hakuna ambaye hakuwahi. Hanna alianza kupata tumaini. Waligonga wote, nyumba mia moja na kumi na mbili, na mwisho yeye mwenyewe alijipenyeza, akachovya, akagonga nje ya mistari, mahali pasipo na jina. Kovu lilitoka zuri kuliko yote.

"Sasa mnaona," alimwambia Bwana Shauri. "Hawezi kuwa ameridhia. Yuko hapa, anakataa zaidi ya mara mia moja."

Bwana Shauri alitoa kioo cha kukuzia. Alilinganisha alama kwa alama na ile ya Septemba, bila haraka, mpaka jua likapita ng'ambo ya mnara wa kanisa. Madereva walizima malori. Mwisho alikunja kioo akasema maneno machache, na uso wake ulionyesha ahueni ya mtu aliyekuwa na wasiwasi kidogo na kazi yake.

Dismasi aliambiwa mara mbili atafsiri.

"Anasema alama ni moja kabisa," alisema, akitazama meza. "Anasema alikuwa na mashaka kama mtu mmoja aliweza kuridhia kwa niaba yenu wote. Sasa ameona ni kidole cha kila mmoja wenu. Kwa hiyo tangu mwezi uliopita nyote mlikwisha kukubali."

Malori yakawashwa.

Kule tambarare Elirehema alimmegea Hanna pembe ya kiwanja chake, pale penye mawe. Jumamosi aliendelea kuketi na kopo lake mlangoni, akakata ukucha, akaufukia. Hapakuota kitu. Kidole kilikuwa laini lakini chenye joto, na wagonjwa waliendelea kupona. Magdalena alikuja mara moja moja na Anyesi amefungwa kitambaa mpaka kwenye nyusi, akaleta sabuni na chumvi, akaketi kidogo, akaondoka.

Mwezi wa tatu gari lilisimama mbele ya kibanda. Dereva alishuka na kofia mkononi. Alitoka kwa yule setla. Mtoto wao alikuwa na homa siku ya nne, na mpishi alikuwa amemwambia memsahib, mama wa mtoto, habari za kidole.

Wanaume waliokuwa karibu walimtazama Hanna. Hanna aliuliza kama mtoto anakunywa maji. Dereva alisema hanywi. Basi akaingia ndani, akatoa kopo, akampa, wala hakulisindikiza, hata kwa macho.

Kidole kililala usiku mmoja Nkoalema. Kesho yake kilirudi kwa gari, kimefungwa kwa kitani kizuri chenye herufi zilizotariziwa pembeni. Mtoto amepona, dereva alisema, memsahib anashukuru sana. Hanna alikifunua penye mwanga. Kilikuwa kimechoka, kama kilichotembea. Chini ya ukucha palikuwa na udongo mweusi, ule wa juu, wa chini ya mikahawa.

Alichukua mkasi akauchokoa kwa ncha, polepole usimwagike, akauweka kiganjani. Majirani walisogea kutazama, mmoja baada ya mwingine. Haukuzidi punje ya mtama, na hiyo ndiyo ardhi yote waliyopata kurudishiwa.